Kanisa la zamani: sakafu iwe taili au simenti? Naombeni ushauri

Mjukuu wa Katekista: Wakuu, habari. Huku kwetu Masasi kuna kanisa la misheni la mwaka 1901, mawe na chokaa. Jipya limeshajengwa, hili tunataka liwe ukumbi: chekechea, vikoba, harusi. Mimi ni katibu wa kamati. Sakafu imekwisha kabisa, tuweke taili au simenti? Nahitaji jibu leo, usingizi sina.

Korosho Ghafi: Harusi? Yaani singeli palipokuwa altare? Mungu anawaona.

Fundi Mstaafu: Usikimbilie taili. Kuta hizo chini hazina nailoni, zinanyonya unyevu wa ardhini. Sakafu ya chokaa inauacha utoke polepole. Ukiziba kwa zege na taili, maji yanatafuta ukuta: masika mbili tatu, plasta inabanduka, chumvi inatoka. Rudisha chokaa na mchanga, shindilia vizuri. Halafu niambie, sakafu ya zamani mmeigusa?

Mama Chikongola: Mie taili za kung'aa zilinivunja mguu. POP mwezi na nusu, mwanaume hakuja hata kunijulia hali. Ndiyo tukaachana.

Korosho Ghafi: Pole mama. Taili zimekuokoa.

Fundi Mstaafu: Katibu, nimeuliza kitu.

Mjukuu wa Katekista: Nusu imeshavunjwa. Na taili zipo, boksi 90, hela watu walichanga msimu wa korosho. Ila bei ile tusingeipata popote, duka ni la shemeji yangu.

Korosho Ghafi: Shemejiii! Kumbe ndiyo maana hulali.

Mjukuu wa Katekista: Siyo hivyo. Kamati ilikaa. Ilikaa baadaye, lakini ilikaa.

Mzee wa Kijiweni: Hii chai. Misheni za Wabenedikto, Lukuledi na Nyangao, zilichomwa kwenye Majimaji 1905. Ndanda imeanza 1906. Hilo la 1901 lilijificha kwenye mikorosho?

Fundi Mstaafu: Si lazima liwe la Wabenedikto. UMCA, misheni ya Waanglikana, walifika Masasi 1876.

Mzee wa Kijiweni: Basi atupie picha.

Mjukuu wa Katekista: Mwaka kanitajia babu. Picha nitaweka, simu ipo chaji.

Mzee wa Kijiweni: Na hapa unaandikia nini, jiwe?

Fundi Mstaafu: Chai au si chai, boksi ambazo hazijafunguliwa mrudishie shemeji.

Mjukuu wa Katekista: Anataka risiti. Na hakuniandikia.