OSPF: kiungo pepe, handaki la GRE au kupanga maeneo upya?

Fundi_Moro
Heshima kwenu wakuu. Nina mtandao wa OSPF (itifaki ya ruta kuambizana njia): Dar ni eneo 0, yaani uti wa mgongo ambao kila eneo hutakiwa kuugusa, Morogoro eneo 1, na Iringa tumeipa eneo 2. Faiba ya Iringa inaishia Morogoro, haifiki Dar. Eneo 2 haligusi eneo 0, na ofisi ya Iringa haizioni seva za Dar. Ruta zote ni Cisco, hazifiki ishirini. Niweke kiungo pepe (virtual link, cha kuliunganisha eneo 2 na eneo 0 kupitia eneo 1), nichimbe handaki la GRE (linalofunga pakiti ndani ya pakiti nyingine) hadi Dar, au nibadilishe maeneo?

kebo_nyeupe
Kiungo pepe, mkuu. Ni mstari mmoja kila upande. Kwenye ruta ya Dar inayopakana na eneo 1:

router ospf 1
 area 1 virtual-link 10.255.0.3

Kwenye ruta ya Morogoro inayopakana na Iringa andika hivyohivyo, ila umalizie na 10.255.0.1. Eneo linalotajwa ni lile la kupitia, yaani 1, si 2. Na hiyo namba ni utambulisho wa ruta mwenzake, si anwani ya intafesi. Wengi hukwama hapo. Ifunge kwa amri ya router-id. Ukiiacha ruta ijichagulie, siku ikizimika ikaamka na namba nyingine, kiungo kimekufa.

BintiWaPakiti
Kwanza tuambie, eneo 1 ni stub, yaani eneo lisilopokea njia za nje ya OSPF? Kama ni stub au NSSA (aina yake nyingine), kiungo pepe hakipiti. Handaki la GRE lenyewe litapita.

Ila GRE ina gharama zake. Kila pakiti inaongezeka baiti 24, kwa hiyo MTU (ukubwa wa juu wa pakiti) ya 1500 inabaki 1476, na data za watumiaji nazo zinaingia ndani ya handaki. Kiungo pepe kinabeba mazungumzo ya OSPF tu. Data inapita njia fupi ya eneo 1 bila kufungwa na chochote. Kwangu hiyo ndiyo tofauti inayoamua. Tena ruta ikianza kuijua anwani ya mwisho wa handaki kupitia handaki lenyewe, litaanguka na kuinuka usiku kucha.

mzee_wa_zamu
Wanangu, mbona mnakimbilia kiraka? Kwa ruta chache hivyo, Iringa ingeingia tu eneo 1 na mambo yakaisha. Fundi, eneo 2 la nini?

Fundi_Moro
Shikamoo mzee. Eneo 1 ni la kawaida, si stub. Iringa itazaa vituo vya Njombe na Mbeya, na tunataka anwani zao, 10.20.0.0/16, zifupishwe kuwa njia moja pale Morogoro kabla ya kwenda Dar.

mzee_wa_zamu
Marahaba. Hapo nimekuelewa, eneo 2 libaki. Basi vuta eneo 0 lifike Morogoro: njia ya Dar–Morogoro iwe eneo 0, na ruta ya Morogoro ipakane na 1 na 2 moja kwa moja. Hutahitaji kiungo pepe wala handaki. Tafuta muda wa matengenezo, maana ujirani wa OSPF kati ya ruta hizo utakatika hadi pande zote mbili zikubaliane namba ya eneo. Badilisha Morogoro kwanza ukiwa palepale na kebo ya konsoli, halafu Dar.

kebo_nyeupe
Naungana na mzee. Kiungo pepe kiwavushe tu hadi siku hiyo.

Fundi_Moro
Sawa wakuu. Leo naweka kiungo pepe, Jumamosi usiku navuta eneo 0. Eneo 0 lina nywila ya MD5, kuna cha kuangalia?

BintiWaPakiti
Kipo, kaka. Kiungo pepe ni sehemu ya eneo 0, kwa hiyo ruta ya Morogoro nayo inataka area 0 authentication message-digest, na ufunguo uuweke kwenye mstari wa virtual-link pande zote mbili. Uuweke leo kabla ujirani haujasimama: kwenye Cisco ukishasimama, salamu za hello hunyamazishwa, na ufunguo ukikosewa baadaye hutaona kitu hadi OSPF ianze upya. Ukimaliza piga show ip ospf virtual-links, ukiona FULL, yaani ujirani umekamilika, tutumie matokeo hapa.