Porsche ya baba mkubwa: fundi anataka kuziba kifuniko, nimkatalie?

Mtoto wa Katuba: Yambo benu. Baba mkubwa ametuachia Porsche 911, imelala chini ya turubai hapa Lubumbashi miaka mingi. Karatasi hazionekani. Ubavuni kulia, nyuma ya mlango wa abiria, kuna kifuniko kidogo kama cha esansi, ila esansi yenyewe inaingilia mbele, kushoto. Fundi anasema hicho ni kiraka cha ajali: akichomelee, apake rangi, kisha aweke bampa nene ipendeze. Bei yake si mbaya. Nimruhusu?

Yaya Kamalondo: Mwambie azime moto! Hapo panamiminwa mafuta ya moteri. Kwenye modeli ya 1972 walileta tangi la mafuta hayo mbele ya gurudumu la nyuma, uzito usirundikane mkiani. Watu wa pompa wakawa wanatia esansi humo. Modeli ya 1973, tangi likarudishwa nyuma. Mwaka mmoja tu, mdogo wangu. Karatasi zimepotea, lakini kifuniko kinasema.

Mwana Kolwezi: Uza, nunua Hilux. Njia ya Kasumbalesa haijui Porsche.

Yaya Kamalondo: Wewe tulia. Huo mkia uliwasumbua tangu mwanzo, maana moteri inaning'inia nyuma ya ekseli. Frankfurt 1963 waliionyesha kwa jina la 901. Peugeot wakadai namba zenye sifuri katikati ni zao, ikawa 911. Modeli ya 1969 wakasogeza magurudumu ya nyuma milimita 57, ikatulia kidogo, na umbo alilochora Ferdinand Alexander Porsche halikuguswa sana. Bampa nene ni za modeli ya 1974, sheria za Marekani zililazimisha. Kwenye yako zitakuwa suti ya kuazima.

Mama Garaji: Msimwache mtoto na historia tupu. Moteri hiyo inapozwa kwa hewa: angalia feni kwanza, panya hupenda kulala pale. Mwaga mafuta yote ya zamani kabla ya kuwasha. Baadaye, unayapima moteri ikiwa ya moto, inazunguka, mahali tambarare. Ukipima imezimwa, kijiti kitakudanganya utajaza hadi imwagike. Na hilo tangi, linuse.

Mtoto wa Katuba: Nimesugua grili ya nyuma, imeandikwa 2.4, ndizo lita za moteri. Na tangi, Mama, linanuka esansi iliyochacha! Fundi kanuna, nimempa kazi ya breki.