Mrejesho: mdogo wangu na hofu ya meli

Assalaam alaykum ndugu zangu. Niliuliza hapa juu ya mdogo wangu, aliyenusurika meli ya Spice Islander ilipozama Septemba 2011 ikienda Pemba: akisikia honi ya meli pumzi humbana, kisha huganda macho wazi, ukimwita hasikii.

Ahsanteni sana mliosema huo ni mshtuko haujamtoka, twende Kidongo Chekundu, hospitali ya afya ya akili hapa Unguja. Tulikwenda, na dua tunaendelea nazo.

Kilichosaidia zaidi ni kumrudisha taratibu. Akiganda hatumtikisi. Namtia karafuu kiganjani, ainuse, aniambie miguu yake imekanyaga nini. Macho huanza kucheza, halafu hunijibu. Wenye mgonjwa kama huyu, jaribuni hili kwanza.

Dawa aliyopewa hospitali ilichukua wiki kadhaa kuonesha kazi, na mwanzoni ilimchafua tumbo. Msikate tamaa mapema. Ule ushauri wa baadhi yenu wa kumpakia melini kwa nguvu daktari aliukataa. Tunasogea kidogo kidogo: ufukweni Forodhani kutazama meli kwa mbali, kisha geti la bandari.

Kusafiri bado. Alifika ngazi ya meli akarudi, na ndoto mbaya zimepungua tu, hazijaisha. Kliniki tunaendelea nayo.