Naomba ushauri: wateja wangu wamechoka na mechi za gemu za wachezaji wa kulipwa

Wadau, habari zenu. Nina kibanda cha gemu hapa Umoja, na wikendi huonyesha mechi za gemu za kompyuta za wachezaji wa kulipwa kwenye skrini kubwa. Zamani watu walijaa hadi mlangoni. Siku hizi wanatazama kidogo tu, kisha wanaomba rimoti waweke Gor Mahia.

Lawama zao nazielewa. T1, timu ya Korea ya mchezaji Faker, imebeba kombe la dunia la League of Legends (gemu ya kompyuta ya timu mbili) 2023, 2024 na 2025, basi vijana wanadai mshindi anajulikana mapema. Lakini jamani, fainali ya 2024 iliisha 3-2 dhidi ya BLG, timu ya China! Na tangu 2025, mhusika wa gemu aliyekwisha kutumika hachaguliwi tena katika mfululizo huohuo wa gemu kati ya timu mbili, kwa hiyo timu haiwezi kung'ang'ania mbinu moja. Mimi kinachonichosha ni zile dakika za mwanzo: kila upande unakusanya dhahabu ya kununulia vifaa ndani ya gemu huku wakiogopana.

Sasa nifanyeje? Nionyeshe gemu za mwisho pekee? Nitafute kijana mcheshi atangaze kwa Kiswahili? Ama niachane na Wakorea, niandae ligi ya mtaa? Wenye vibanda Kayole na Githurai, nyinyi mnawashikaje wateja?