Ndege wa nje waje Entebbe, au wabaki kwao?

Mpenda Ndege: Bustani yetu ya wanyama ya Entebbe ipo tangu 1952, ilianza kama makao ya wanyama yatima. Sasa ndege wa bustani za wanyama huko duniani wamekutwa na E. koli sugu, bakteria wa utumbo asiyesikia dawa, anayevunjavunja penisilini kama karanga. Tukiletewa kasuku wa Amerika Kusini, tuwapokee?

Ssebo wa Jinja: Karantini siku 30. Kazi kwisha.

Daktari wa Mifugo: Haijaisha. Ndege aliyebeba E. koli sugu anakula, anapiga kelele, haumwi. Mtakaa mnamtazama tu. Tena Marekani kasuku walioingizwa walilishwa antibayotiki ya klotetrasaiklini humohumo karantini, kuzuia homa ya kasuku. Dawa inaua bakteria wanyonge, majambazi wanabaki kuzaana. Kinyesi kipimwe maabara kwanza. Ila na nyinyi, mnamwogopa kasuku ambaye hajafika, na broila mnaowatafuna kila Jumapili wamekunywa dawa kuliko wodi nzima!

Mama Broila: Daktari, hapo umenigusa. Nina kuku 400 Mukono. Hizo dawa naziotesha shambani? Mwenzako alikuja na bodaboda, akachoma sindano, akadai pesa yake, akaondoka. Siku ngapi nisiuze mayai mpaka dawa iishe mwilini mwa kuku, hakusema. Nilikuja kusoma kwenye karatasi ya chupa, trei nimeshauza.

Ssebo wa Jinja: Kumbe ndiyo maana tumbo langu…

Mama Broila: Tumbo lako ni la waragi, ssebo.

Kijana wa Katwe: Mbona kaloli, yule korongo mla takataka, hatajwi? Anashinda jalalani, jioni analala juu ya mti wa wakubwa. Huyo nani alimpeleka karantini?

Ssebo wa Jinja: Na wale ndege waliokufa ghuba ya Lutembe, hapo ziwani, 2017? Si ndio hawa bakteria?

Daktari wa Mifugo: Yale yalikuwa mafua ya ndege, aina ya H5N8. Virusi. Antibayotiki haimgusi kirusi, ingawa kuna watu wanawapa kuku kila wakipiga chafya.

Mama Broila: "Kuna watu." Sema jina langu! Mwaka ule Kenya walifunga mpaka kwa kuku wetu, na waliokufa ni ndege wa ziwani.

Daktari wa Mifugo: Na kuku na bata wa Masaka, mama.

Mama Broila: Masaka si Mukono.

Mpenda Ndege: Jamani, niliuliza kuhusu kasuku.

Kijana wa Katwe: Kasuku asubiri, mambo yameiva.

Daktari wa Mifugo: Mama, sikukusudia wewe. Hata sisi tuna wenzetu wanaouza sindano kama chapati. Lakini usiwawekee dawa kwenye maji "kwa kinga" tu.

Mama Broila: Sawa. Hicho kipimo cha kinyesi ulichowapangia kasuku wa wazungu, kwa kuku wangu ni shilingi ngapi, na nikipeleke wapi?

Daktari wa Mifugo: Niandikie pembeni.

Mama Broila: Umenisema mbele za watu, nijibu hapahapa.