Mortal Kombat kwenye vibanda vya gemu: watoto wazuiwe au waachwe?

MzaziTemeke: Wakuu, salaam. Kibanda cha mtaani kwetu kimeleta Mortal Kombat, na watoto wa darasa la tatu wanalipia kuona mtu aking'olewa kichwa pamoja na uti wa mgongo. Mimi nataka serikali ya mtaa iweke umri, kama kwenye baa. Wamarekani wenyewe waliipiga marufuku miaka ile ya tisini, sisi tunasubiri nini?

KonaBaridi: Mkuu, hawakuipiga marufuku. Desemba 1993 maseneta Joe Lieberman na Herb Kohl waliwaita wakubwa wa kampuni za gemu kuhojiwa. Kampuni zikaogopa kutungiwa sheria, 1994 zikaunda chombo chao wenyewe, ESRB, cha kuandika umri kwenye kasha. Na Nintendo, kwenye toleo la mashine yao, walikuwa wameshabadilisha damu ikawa jasho! Sega, wapinzani wao, wakaiacha damu ndani imefichwa, unaifungua kwa kubonyeza vitufe kwa mpangilio wa siri. Watu wakakimbilia ya Sega. Toleo la pili Nintendo nao wakaiachia damu.

MzaziTemeke: Sasa maandishi ya kasha yanamsaidia nani kibandani? Mtoto haoni kasha, anaona skrini. Mwenye kibanda anaona hela.

BingwaLikoni: Kwani Mortal Kombat nayo ni gemu? Kuchinjana tu pale. Wawekeeni Tekken 3, gemu ya kupigana yenye ufundi, watumie akili. Ila atakayechagua Eddy, yule mpiganaji wa capoeira, atolewe nje, Eddy ni wa wasiojua kucheza.

MamaJunior_Kisumu: Wasiojua kucheza ni kina nani? Eddy nimemshika tangu Tekken 3 ilipoingia PlayStation, 1998. Capoeira, mapigano ya Kibrazili yanayofanana na ngoma, ina mpangilio wake: kuna kusimama kwa mikono, kuna kulala chini na kumvuta adui aje. Wewe sema tu ulichapwa na msichana mbele za watu.

BingwaLikoni: Wallahi sijachapwa na mtu. Vitufe viwili vya mateke unavifinya bila kuangalia, jamaa anazunguka mwenyewe. Mshike King, yule mpiga mieleka, uone kazi, mikamato inaunganishwa mmoja baada ya mwingine, ukikosea kimoja umekwisha.

KonaBaridi: Mnaihama mada. Na wewe wa Likoni, heshimu historia. Ed Boon na John Tobias waliitengeneza Mortal Kombat pale Midway, Chicago, ikatoka 1992 ikiwa imetengenezwa na watu wanne tu. Waliwarekodi watu halisi wakipiga mateke, wakawaingiza kwenye gemu. Ndiyo maana maseneta walishtuka: ile haikuwa katuni. Hata hizo kombo, mapigo ya mfululizo mnayojivunia, zilianza kwa bahati kwenye Street Fighter II ya 1991, watengenezaji wake Capcom hawakuzipanga, waliziona wakaziacha.

DogoMwananyamala: Halafu Tekken mnaisafisha sana. Kwenye hadithi yake, mzee Heihachi si alimtupa mwanawe Kazuya kutoka juu ya genge la mlima, mtoto wa miaka 5? Mwisho wa Tekken 3 anampiga risasi Jin, mjukuu wake wa damu. Hilo ndilo la kumfundisha mtoto?

BingwaLikoni: Dogo, hadithi hakuna anayeitazama, kila mtu anairuka aanze pambano. Hoja ya Eddy umeijibu? Hujajibu.

MzaziTemeke: Jamani, nimeuliza umri. Miaka 12? 15? Nani amsimamie mwenye kibanda?

DogoMwananyamala: Mzee, mwenyekiti wako wa mtaa ndiye mwenye kibanda, mitaa mingi iko hivyo.

MamaJunior_Kisumu: Umri utajadiliwa, baba. Huyu kwanza. Mwezi ujao nashuka Mombasa, taja kibanda. Wewe King, mimi Eddy, na mashabiki wawepo.

BingwaLikoni: Karibu, feri ukishuka tu uliza, kila mtu ananijua. Lakini usije na ujanja wa kumchukua Tiger Jackson. Tiger ni Eddy yule yule kaongezwa nywele za afro.