Naombeni ushauri: daftari moja la anwani, au nigawe folda kwa kila kundi la wateja?

Katibu_Kurasini

Habari za jioni wakuu.

Mimi ni katibu muhtasi kwenye ofisi ya uwakala wa forodha, Kurasini. Tupo watu sita, na barua pepe zote za kazi zinapita kwenye kompyuta yangu. Natumia Thunderbird, programu ya barua pepe. Kompyuta hii nimeirithi kwa dada aliyekuwepo kabla yangu, pamoja na majina yote aliyoacha. Leo nimeyahesabu: 2,341. Kati ya hayo, 1,700 na ushee yako kwenye lile daftari linaloitwa "Collected Addresses", ambalo sikuwahi kulifungua hadi juzi.

Kilichonifanya nilifungue ni hiki. Tuna wateja wawili wanaoitwa Hamisi, wote wa Kariakoo. Mmoja anaingiza matairi, mwingine vigae. Alhamisi nilikuwa natuma ankara ya kontena la vigae, nikaandika "ham", jina likajitokeza, nikabonyeza Enter. Ankara ikaenda kwa Hamisi wa matairi. Baada ya nusu saa simu ikaita: "Dada, kumbe mwenzangu mnamtoza bei hii? Mimi mbona yangu iko juu?" Bosi alikwenda kwake mwenyewe kumwomba radhi. Nililia siku ile, sitaki irudie.

Bosi ameniambia nipange majina kwa mafolda: waagizaji, mashirika ya meli, bandari kavu, maofisa wa serikali, wenye malori na madereva. Nimeshaunda madaftari matano na nimeanza kuhamisha. Nimekwama kwa mzee mmoja ambaye ni mwagizaji na papo hapo ana malori manane tunayoyakodi. Nimweke wapi? Nikimweka pande zote mbili kuna ubaya? Wenye uzoefu nisaidieni kabla sijafika mbali.

FundiWaSeva

Dada, simama hapo hapo usihamishe jina lingine. Huyo mzee wa malori amekuokoa.

Ukimweka kwenye madaftari mawili, Thunderbird inamchukulia kuwa watu wawili. Zinakuwa kadi mbili zisizojuana (kadi ni pale zinapokaa taarifa za mtu mmoja). Siku akibadilisha anwani utarekebisha kadi moja, ile nyingine itabaki na anwani ya zamani, na siku moja ndiyo itakayojitokeza ukiandika jina lake. Ni kosa lile lile la akina Hamisi, ila sasa utakuwa umelitengeneza kwa mkono wako.

Daftari na orodha ni vitu viwili tofauti. Daftari ndilo linalohifadhi kadi yenyewe. Orodha inakaa ndani ya daftari na haihifadhi kadi, inaonyesha tu kwamba fulani yumo. Mtu mmoja anaweza kuwa kwenye orodha tano na bado kadi yake ni moja. Sharti ni kwamba kadi na orodha viwe ndani ya daftari lile lile. Kwa hiyo weka wateja na wadau wote kwenye daftari moja, halafu humo ndani unda orodha: Waagizaji, Meli, Bandari Kavu, Malori. Mzee unamburuta kwenye Waagizaji, kisha unamburuta tena kwenye Malori. Basi.

Ila kabla ya kugusa chochote, chukua nakala. Fungua Help, ingia "More Troubleshooting Information", tafuta mstari wa "Profile Folder" na ubonyeze "Open Folder". Folda ikishafunguka, ifunge Thunderbird kabisa. Humo utaona abook.sqlite, ndilo daftari lako kuu, na history.sqlite, ambalo ndilo hilo la majina 1,700. Madaftari uliyounda juzi yatakuwa abook-1.sqlite, abook-2.sqlite na kuendelea. Yanakili yote kwenye flashi. Nasisitiza kwa sababu kwenye daftari la Thunderbird ukifuta kadi hakuna kapu la taka la kuiokota. Imekwenda.

Nyali_Mtandao

Salaam dadangu, kutoka Mombasa. Pole sana kwa yaliyokufika.

Fundi amesema kweli, lakini orodha pekee hazitakukinga na akina Hamisi, kwa sababu wewe hukosei kundi, wakosea pale unapoandika herufi tatu za kwanza. Fanya mawili.

Kwanza, jina linaloonekana kwenye kadi liandike kama unavyomwita mtu kichwani. Usiandike "Hamisi J." ukaachia hapo. Andika "Hamisi Vigae" na "Hamisi Matairi". Hapa kwetu nusu ya watu wajulikana kwa kazi au kwa mtoto, na daftari lafaa lifuate hivyo. Pili, kwenye kadi kuna sehemu ya jina la utani, "Nickname". Mpe mmoja "hv" na mwingine "hm". Ukiandika "hv" kwenye sehemu ya mpokeaji, Thunderbird itamtanguliza yule mwenye jina hilo la utani. Mimi wateja wangu wakubwa wote nimewapa herufi mbili mbili na sijakosea tangu hapo.

Kwa wanaotumia Outlook, ile programu ya barua pepe ya Microsoft, angalieni jambo moja. Outlook huligawa jina kwa kudhani neno la mwisho ni la ukoo. Ukiingiza "Mama Salma" inamfanya "Salma, Mama" na kumpanga kwenye S. Niliwahi kumtafuta mteja kwenye M asubuhi nzima. Fungua kadi, nenda kwenye "File as", uchague mpangilio unaoanza na jina la kwanza.

MzeeWaFaili

Nami niongeze la Outlook, kwa kuwa limenipata na sipendi limpate mwingine.

Nilikuwa mhasibu kwenye shule moja ya sekondari. Akaunti ya shule ilikuwa ya IMAP, yaani njia ya kusoma barua huku zenyewe zikibaki kwenye seva, na nilikuwa na imani kwamba kila kitu kipo kwenye seva. Siku moja barua zikagoma kuingia. Kijana wa kompyuta akaja, akaifuta akaunti ili aiunde upya. Barua zote zilirudi, hata za miaka ya nyuma. Majina ya wazazi hayakurudi hata moja. Miaka minne ya kukusanya.

Baadaye ndipo nilipoelewa. IMAP inabeba barua tu. Kuanzia Outlook 2013, majina ya akaunti ya namna hiyo yanakaa kwenye folda ambayo pembeni imeandikwa "This computer only", na maneno hayo maana yake ni hiyo hiyo: kwenye kompyuta hii peke yake. Akaunti ikifutwa, na faili lake linaondoka. Outlook hutoa onyo kabla ya kufuta, lakini kijana alibonyeza tu "Yes".

Kabla mtu hajagusa akaunti yako, nenda kwenye File, "Open & Export", kisha "Import/Export", uihamishe folda ya majina kwenye faili la .pst. Ukitoa kwa CSV (faili la jedwali la maandishi matupu), ujue vikundi havitatoka, zitatoka kadi za watu peke yake.

Katibu_Kurasini

Shikamoo MzeeWaFaili, na poleni sana. Asanteni wote, nimesoma kila neno. Nakala nimechukua, ziko kwenye flashi mbili.

Nina maswali mawili. La kwanza: nimelifungua lile daftari la 1,700 na nimeshtuka. Kuna mteja mmoja yumo mara tano, na moja ya anwani zake inaishia na "gmail.con". Nani kaiingiza?

La pili: nilitoa majina kwa CSV nikafungua kwenye Excel ili niondoe yaliyojirudia. Namba za simu zimeharibika. Zilizoanza na 07 zimepoteza sifuri, na zilizoanza na 255 zinasomeka 2.55E+11. Nimefunga bila kuhifadhi. Nimeharibu kitu?

FundiWaSeva

Hujaharibu. Kwa kuwa hukuhifadhi, faili liko kama lilivyokuwa. Excel inaiona namba ya simu kama hesabu: sifuri ya mbele haina thamani kwake, inaitupa, na tarakimu 12 inazifupisha. Safari nyingine usilifungue faili kwa kulibofya. Fungua karatasi tupu, ingia Data, chagua "From Text/CSV", na kabla ya kupakia iambie safu ya simu ni maandishi. Hapo haitagusa kitu. Na ukisharekebisha, rudisha jina moja au mawili kwanza kwenye daftari la majaribio, uone simu na jina vimeangukia mahali pake, ndipo uingize yote.

Lile daftari la 1,700 limejijaza lenyewe. Kila anwani iliyowahi kutumiwa barua, na ambayo haikuwa kwenye daftari lolote, Thunderbird iliihifadhi humo, na zilizokosewa tahajia pia. Mtangulizi wako aliandika "gmail.con" mara moja tu, na tangu siku hiyo inajipendekeza. Zima tabia hiyo: Settings, "Composition", kwenye "Addressing" ondoa tiki ya kuongeza anwani za barua zinazotoka. Lakini kuzima hakufuti zilizokwishaingia. Hizo utazipitia mwenyewe. Panga kwa anwani, si kwa jina, ili zinazofanana zikae jirani. Wanaostahili wahamishie daftari kuu, waliobaki wafute. Anza na mmoja uone anavyohama kabla ya kuburuta mia.

Na usome dirisha linalokuuliza kabla ya kufuta. Ukiwa ndani ya orodha, linakuuliza kama umtoe mtu kwenye orodha, na kadi yake inabaki. Ukiwa kwenye daftari, unaifuta kadi yenyewe na anatoweka kwenye orodha zote.

Mama_Pacha

Mimi natofautiana kidogo na Fundi. Daftari moja sawa kwa wateja, lakini maofisa wa serikali watenge kwenye daftari lao. Hao huwatumii matangazo, na hutaki hata kwa bahati mbaya barua ya bei mpya za malori iwafikie. Na watu wako wa nyumbani uwatoe kabisa kwenye kompyuta ya ofisi.

Kingine ambacho hakuna aliyekisema. Ukiituma barua kwa orodha ya Waagizaji kwa kuiweka kwenye "To", orodha inafunguka na kila mwagizaji anaona anwani za wenzake wote. Kwa biashara yenu hiyo ni kumkabidhi mshindani orodha ya wateja. Iweke kwenye "Bcc", sehemu ya wapokeaji wasioonekana na wenzao, na kwenye "To" weka anwani ya ofisi yenu wenyewe. Isitoshe, Tanzania tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na anwani ya mtu ni taarifa yake. Bosi wako aijue.

FundiWaSeva

Kwa maofisa nakubali, Mama Pacha. Hawaingiliani na makundi mengine, kwa hiyo hakuna kadi itakayojirudia.

Kijana_Bandarini

Swali dogo la nyongeza, samahani dada kwa kudandia uzi wako. Ofisini kwetu tupo wanne na kila mmoja ana daftari lake. Hakuna njia ya kutumia moja wote?

FundiWaSeva

Ipo, inaitwa CardDAV. Thunderbird inaiunga mkono tangu toleo la 91 la mwaka 2021. Mnaweka daftari kwenye seva, kwa mfano Nextcloud, na kila kompyuta inalisoma. Mmoja akirekebisha simu, wote wanaiona.

Lakini nikueleze upungufu wake: kwenye toleo ninalotumia, daftari la CardDAV halikubali kuundiwa orodha za kutumia kwa pamoja. Kwa hiyo mpango niliompa Katibu haufanyi kazi humo. Kama nyote mnahitaji simu na anwani za watu, CardDAV ni nzuri sana. Kama anayetuma matangazo ni mmoja, kama ilivyo kwa Katibu, ningeliacha daftari kwenye kompyuta yake na wenzake niwape nakala kila mwisho wa mwezi. Nimewahi kujaribu kuweka huku na huku kwa pamoja, na ndani ya wiki tatu anwani zilikuwa hazilingani.

Katibu_Kurasini

Wakuu, narudi baada ya siku tisa.

Majina yamebaki 1,086. Daftari kuu moja lenye orodha nne, na la maofisa peke yake kama Mama Pacha alivyosema. Yule mzee yumo kwenye Waagizaji na Malori na kadi yake ni moja. Jana alinipa anwani mpya, nikaibadilisha mara moja, nikazifungua orodha zote mbili, imebadilika kote. Nilifurahi mno.

Bosi alipita mezani akaniambia nimwonyeshe. Nikaandika "hv", akatokea Hamisi Vigae. Nikaandika "hm", akatokea Hamisi Matairi. Akaniambia niandike zote mbili tena.

Kuna kadi 64 ambazo hazina jina, ni anwani tu kama "mzigo2017" au herufi zisizoeleweka. Sitaki kuzifuta bila kujua ni za nani, kwa hiyo nafungua barua za zamani moja moja nitafute saini. Nimefika ya 19. Dada Nyali, zile herufi mbili kwa madereva wenye majina yanayofanana ulizipangaje? Nina akina Juma saba.

Nyali_Mtandao

Hongera sana, dadangu. Kwa madereva mimi sifuati jina. Ninachukua tarakimu tatu za namba ya gari, ndizo ninazozisoma kwenye hati kila siku. Lakini dereva akibadilisha lori, badilisha kadi yake siku hiyo hiyo.